Jiwe Lililopanguswa Mdomo

Shati lilikuwa la mwalimu mkuu. Jeupe, limefuliwa, limenyooshwa, limekunjwa likakunjika. Lakini ndani ya kola, mahali ambapo mdomo wa mtu hauna shughuli yoyote, kulikuwa na alama ya midomo miwili, midogo, iliyobana kama ya mtoto anayenyonya. Haikuwa rangi ya mdomo. Yalikuwa mafuta. Mafuta ya kijivu, mazito, yaliyoganda kama mchuzi uliosahauliwa sufuriani mpaka ukaota ngozi.

Mke wa mwalimu mkuu alilitandaza juu ya kaunta ya duka la dobi kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

"Haya, binti. Niambie huu ni mdomo wa nani."

Kitinda aliinama kutazama, akainuka upesi. Harufu ilikuwa imeshamwingia puani na kukaa. Ilikuwa harufu ya shahamu, yale mafuta ya mnyama, yakiwa yameozea juani.

"Samahani, mama. Tutalifua upya."

"Sijauliza kufua. Mume wangu ameapa kwa kaburi la baba yake kwamba si yeye, ni nyinyi."

"Mama, sisi hapa tunafua nguo za watu, hatuzibusu."

Yule mama akacheka bila kupenda, akaondoka. Kitinda hakucheka. Alilibana shati kwa koleo la mbao, akanyoosha mkono ili likae mbali na mwili wake, akalitumbukiza kwenye beseni la dawa ya madoa. Doa likatoka. Akalianika. Akageuka kuchukua kibanio, akageuka tena, na ile midomo ilikuwa pale pale. Safari hii ilikuwa imeachama kidogo.

Waliomwita Kitinda walimwita hivyo kwa sababu ndiye kitinda mimba. Walizaliwa wawili tu, yeye na kaka yake muuza miwani, na hata sasa alipokuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, jina halikumwacha. Duka lilikuwa la mama yao, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Pasi. Mama Pasi alikuwa mtu wa kukusimamisha njiani, akalamba kidole akakufuta kola yako, akakwambia, "Nenda sasa, umekuwa binadamu."

Kitinda yeye alikuwa na kinyaa, na kinyaa chake kilikuwa maarufu. Kikombe chake alikificha juu ya kabati. Akiona unywele kwenye mkate, siku hiyo hali tena. Ukimwonjesha chakula kwa kijiko chako anakutazama kama umempa panya. Kaka yake alikuwa akimtania, "Wewe utakufa njaa kwenye karamu." Watu walishangaa anawezaje kufua. Mwenyewe alikuwa na jibu: uchafu wa nguo una dawa, uchafu wa mdomo wa mtu hauna.

Walikuwa wamerudi kutoka safarini juma lile lile. Mama Pasi alikuwa ametimiza miaka sabini. Kwenye ukuta wa duka, juu ya mashine, palikuwa na picha ya kalenda ya zamani ambayo hakuruhusu mtu aibandue, picha ya mahekalu ya kale ya nchi ya mbali, ngazi za mawe zikipanda mpaka mawinguni. Kila akipiga pasi alikuwa akiitazama na kusema, "Hizo ngazi, jamani, nani anazifagia?" Basi wanawe wakakubaliana wampeleke akaone mwenyewe.

Ilikuwa safari tamu. Kwenye ndege Mama Pasi aliwakunjia blanketi abiria wa safu nzima. Kule kwenye mahekalu alipanda ngazi kwa kupumzika, akagusa kila nguzo, akasema, "Watu walikaa hapa wakachonga, wakachonga, wala hawakuwa na haraka." Kaka Miwani akachomeka mshumaa kwenye andazi, wakamwimbia juu ya ngazi, na wageni wasiojua hata neno moja la lugha yao wakapiga makofi. Mama akalia, akajifuta, akawafuta na wao.

Nyuma ya ukumbi wa nguzo kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha. Mtembezaji wao aliwaonyesha wakiwa mlangoni: jiwe lililochongwa kwa mfano wa mtoto aliyekaa, kimo chake kama goti, limezungushiwa kamba. Kuanzia puani kushuka chini uso haukuonekana. Ulikuwa umepakwa mafuta juu ya mafuta, miaka juu ya miaka, mpaka yakawa gamba jeusi lenye nywele, mabawa ya nzi na alama za vidole vya watu waliokufa zamani.

"Hili haliguswi," mtembezaji alisema, akatangulia na wageni wengine kwenda kuonyesha kisima. Kaka Miwani akamfuata.

Mtu mwingine angeona sanamu. Mama Pasi aliona doa.

"Maskini mtoto wa watu," alisema. Akainua kamba, akapita chini yake na miaka yake sabini, akatoa kitambaa chake cha mkononi, akatemea mate kwenye kona, vile vile alivyokuwa akiwatemea wanawe kabla ya kwenda shule. "Nani kakuacha hivi? Hebu njoo. Njoo kwa mama, nikupanguse."

Kitinda alijua kamba ni kamba. Lakini alikuwa anacheka. Akatoa simu akapiga picha. Mama akasugua, na gamba likabanduka kipande kizima, likaanguka sakafuni, pwata. Chini yake mdomo wa jiwe ulikuwa wazi. Na ndani yake, wakati jiwe lote lilikuwa kavu, kulikuwa kumelowa.

"Umeona? Kumbe kazuri," Mama Pasi alisema.

Waliporudi nyumbani Kitinda alikifua kile kitambaa peke yake, kwa maji ya moto kuliko yote mashine iliyoweza kutoa, akaridhika nafsi yake. Kesho yake mke wa mwalimu mkuu akaja na shati.

Baada ya hapo hapakupita siku bila mdomo. Shuka la hoteli, mdomo katikati. Gauni la bibi harusi, mdomo kifuani. Sare za wauguzi, midomo kwenye makwapa, na hiyo ya makwapani ilikuwa imelowa zaidi. Duka lote likaanza kunuka shahamu. Kitinda alisugua sakafu, akamwaga siki, akafungua madirisha, na bado harufu ilining'inia kwenye koo kama mafuta yaliyokataa kushuka. Na mchana, mashine zikinyamaza, palikuwa na sauti kutoka kwenye kikapu cha nguo chafu. Chwap. Chwap. Kama mtu asiye na meno anayenyonya mfupa.

"Ni panya," Mama Pasi alisema bila kuinua macho.

"Panya gani anayenyonya, mama?"

"Mwache. Ana njaa."

Kitinda akamtazama mama yake vizuri kwa mara ya kwanza tangu warudi. Kidevu kilikuwa kinang'aa. Kwenye pembe za mdomo palikuwa na utando mweupe wa mafuta, na Mama Pasi, mwanamke aliyekuwa akioga asubuhi na jioni hata maji yakikatika, alikuwa amevaa gauni lile lile la juzi, limegandamana kifuani.

Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, Kitinda alimkosa mamaye kwenye pasi. Pasi ilikuwa imeachwa imelala juu ya suruali, suruali inatoa moshi. Akaizima. Akasikia ile chwap, chwap, safari hii si kwenye kikapu. Ilitoka nyuma ya mashuka yaliyotundikwa. Akasogeza shuka la kwanza, la pili, la tatu, na kila shuka lilikuwa na ubaridi wa majimaji uliomgusa shavuni kama ulimi.

Mama Pasi alikuwa amechuchumaa ukutani. Alikuwa ameshika fulana ya fundi magari, chafu, haijafuliwa, imekauka jasho. Alikuwa amejaza kwapa la ile fulana mdomoni na kulinyonya, macho yamefumba, mashavu yakiingia na kutoka, na majimaji meusi yakimchuruzika kidevuni mpaka kwenye mapaja.

"Mama!"

Mama Pasi akafumbua macho. Akaitoa fulana taratibu, uzi mrefu wa ute ukivutika kati ya kitambaa na mdomo, haukatiki.

"Usinipigie kelele," alinong'ona. "Utamwamsha mdogo wako."

"Mdogo wangu yupi? Mimi ndiye wa mwisho, mama. Mimi Kitinda."

"Ulikuwa," mama yake alisema kwa upole, kama mtu anayempa mtoto habari njema. "Sasa wewe si kitinda tena." Akairudisha ile fulana mdomoni.

Kitinda alitapika kwenye beseni la karibu, akaliosha beseni, akatapika tena kwa sababu ya kuliosha. Halafu akampigia simu kaka yake.

Kaka Miwani alikuja na miwani yake ya dukani ikiwa bado na bei kwenye kioo. Wakanong'onezana jikoni, katika nyumba iliyoshikamana na duka, mlango umeegeshwa.

"Uzee huo," alisema. "Nimesoma mahali. Wazee wengine wanakula hata udongo."

"Kaka, wazee wanaokula udongo hawaachi midomo kwenye mashati ya watu mtaa wa pili."

"Sasa unataka kusemaje?"

"Sisemi. Naogopa kusema." Akafungua kiganja chake, mkono ukiwa ndani ya glavu. Ndani kulikuwa na jino. Gego zima, na kamzizi kake. "Limetoka kwenye mashine asubuhi hii, mfukoni mwa shati. Jana lilitoka jingine. Ni ya mama. Hili lenye kijazio nilimpeleka mimi mwenyewe likazibwe."

Walimpeleka kwa daktari wa meno. Daktari alimwambia Mama Pasi aachame, akaingiza kioo chake, akatulia. Kisha akaingiza koleo dogo na kuanza kuvuta. Alivuta bonge la nywele za kijivu zilizoshikana kwa mafuta, likafuata lingine, likafuata kifungo cha shati, na nyuma ya kifungo koleo likashikwa. Likavutwa kwa ndani. Daktari aliachia, akarudi nyuma mpaka akagonga kabati, akaenda kunawa, akanawa tena, akawaambia akiwa amewapa mgongo, "Mrudisheni nyumbani. Tafadhali." Koleo hakulidai.

Nyumbani hali ikazidi. Mama Pasi alikonda uso, akavimba tumbo. Alikula siagi kwa kiganja. Alikula mshumaa. Maneno yake yakaanza kutoka kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni, na mara nyingine alipofunga midomo kabisa, maneno yaliendelea, membamba, yenye majimaji, kutoka nyuma ya meno yaliyobaki: "Mama. Mama. Bado."

Aliyekuja kusema jambo lenyewe alikuwa mteja. Jina lake Bi Mwosha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuosha maiti. Aproni zake zilifuliwa mwisho, kwenye beseni la peke yake, na Kitinda alikuwa akimkabidhi kifurushi chake kwa ncha ya koleo.

"Nipe tu kwa mkono, mwanangu," Bi Mwosha alikuwa akisema kila mara, "siumi. Wateja wangu ndio hawaumi kabisa."

Siku hiyo hakutania. Alisimama kizingitini, akanusa, akavua viatu kama anayeingia chumba cha kazi.

"Nani humu ndani analishwa?"

Kitinda alitaka kusema hakuna. Badala yake akaanza kulia, akamweleza yote tangu mwanzo, kamba, mate, kitambaa, na Bi Mwosha akaomba kuiona picha. Aliitazama kwenye simu kwa muda mrefu. Ilikuwa ile ya kabla gamba halijabanduka.

"Mama yako aliona doa," alisema. "Hilo si doa. Hicho ni kizibo."

"Kizibo cha nini?"

"Cha njaa. Huyu ni jini mlaji. Hafi, hachinjiki. Watu wa kale walipomshindwa walimziba. Kila aliyepita alitafuna kipande cha shahamu, hakukimeza, akambandika mdomoni. Mate ya watu na mafuta, vizazi na vizazi, mpaka mdomo ukafunga akalala. Mama yako kamfungua. Tena kamwambia, njoo kwa mama. Sasa huyo hakuvamia, kaalikwa. Ukimkemea anakushangaa."

Kaka Miwani alikuwa amesimama mlangoni. "Atamfanya nini mama?"

"Meno yakiisha ataanza ulimi. Ulimi ukiisha, mdomo wote ni wake, na mama yenu hamtamwona tena, mtaona amekaa hapo anawatazama tu. Yamebaki mangapi?"

Waliyajua yaliyobaki, yalionekana yote akicheka.

"Basi leo," Bi Mwosha alisema. "Nataka mtu wa tumbo lake. Atafune shahamu, amlishe mdomo kwa mdomo, kama ndege. Akijazwa mpaka pumzi imkwame atatoka, na akitoka nitamfunga mimi. Kufunga ndiyo kazi yangu. Ila sikilizeni. Usimeze. Hata tone. Ukimeza umekula naye sahani moja, na huyu huhamia kwa anayekula naye."

Bi Mwosha akamtazama Kitinda, kisha wote wawili, kwa huruma, wakamtazama kaka yake.

Kaka Miwani alijitahidi, tusimseme vibaya. Mwuza nyama aliwapa shahamu ya kondoo iliyokuwa imelala, ya kutupa, maana Bi Mwosha alisema mbichi hataitaka. Kaka akaweka kipande mdomoni, akatafuna mara moja, akapiga magoti, akatoa cha leo na cha jana.

"Mimi nauza miwani, Bi Mwosha," alilia. "Mimi nauza miwani tu."

"Nenda ukamshike mama mikono," Kitinda alisema.

Alivua glavu. Walikuwa wamevuta mlango wa duka mpaka nusu, na jua la alasiri liliingia chini yake kama ulimi wa njano, likaishia kwenye miguu ya Mama Pasi aliyekalishwa kwenye kiti katikati ya mashuka. Kitinda alichukua kipande cha kwanza. Kilikuwa na joto. Kilikuwa laini, kimeanza kuota manyoya ya kijani pembeni, na alipokitia mdomoni kilijibandika kwenye kaakaa lake kama kinapajua hapo. Akatafuna. Mafuta yakapasuka. Yakamjaa chini ya ulimi, yakapanda puani kwa nyuma, uvundo wa zizi na jeraha na maji ya maua ya makaburini, na koo lake likaanza kugonga kama mlango, naye akalizuia, akainama, akashika kichwa cha mama yake kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama," alisema moyoni, maana mdomo ulikuwa umejaa. Akaweka midomo yake juu ya midomo ya mama yake.

Ndani kulikuwa na joto lisilo la mtu. Akasukuma bonge kwa ulimi, na kitu kikalipokea, kikalivuta, na kabla hajaondoa ulimi wake kitu kingine chembamba, baridi, chenye mikwaruzo kama kitambaa kibichi, kikaupitia ulimi wake kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kikiuonja, na nyuma ya ufizi wa mama yake uliokuwa wazi akahisi safu ya pili ya meno, madogo madogo, makali kama punje za mchele, yakitekenya mdomo wake wa chini yasiuume, na sauti ikasema ndani ya kinywa chake mwenyewe, si masikioni, "Dada."

"Kingine!" Bi Mwosha alisema. "Usimpe nafasi. Tema mate kwanza. Tema!"

Akatema, akatafuna kingine. Na kingine. Mama Pasi alijipinda kitini, tumbo likipanda na kushuka, Kaka Miwani akimng'ang'ania mikono huku amefumba macho, na Kitinda akatafuna na kulisha, akatema na kutafuna, machozi na kamasi na mafuta vikimchanganyikia usoni asijue kipi ni kipi, mashuka yote yaliyotundikwa yakaanza kutoa alama, mdomo mmoja, midomo kumi, midomo juu ya midomo, yote imeachama, yote ikisema bado, bado, bado, mpaka mabonge yakagoma kuingia, yakaanza kurudi, na mama yake akageuka rangi, na lile tumbo likajikusanya likapanda kwenye kifua, likapanda kwenye shingo, shingo ikavimba kama ya chura.

"Rudi nyuma!"

Kilitoka. Kilikuwa cha kijivu, kirefu kuliko ilivyopaswa, kama shuka lililokamuliwa likasokotwa, lenye nywele na vifungo na meno ya mama yao yamechomekwa ovyo, na kilipoangukia kwenye sanda aliyoitandaza Bi Mwosha kikalia kilio cha mtoto mchanga aliyenyang'anywa ziwa. Bi Mwosha alikusanya pembe, akapiga fundo la kichwani, la kiunoni, la miguuni, kwa kasi ya mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

Kisha Mama Pasi akakohoa, akafumbua macho, akamtazama binti yake aliyepiga magoti mbele yake, uso mzima umepakaa.

"Kitinda," alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya kibogoyo lakini yake. "Mbona mdomo wako unanuka hivyo, mwanangu? Nenda kapige mswaki."

Kaka Miwani akacheka mpaka akaketi sakafuni. Wakamkumbatia mama yao, wakamfuta kwa chochote kilichokuwa karibu. Mama akauliza meno yake yako wapi, wakacheka tena. Bi Mwosha alibeba furushi lake begani, zito, linapapatika. Mlangoni akageuka.

"Umetema yote?"

"Nimetema yote, Bi Mwosha. Asante. Asante mama yangu."

Akaenda kwenye sinki la nyuma, lililokuwa na dirisha la kutazama barabarani. Akafungua bomba, akasukutua, akatema, akasukutua. Maji yakatoka na mafuta, kisha na utando, kisha safi. Akapitisha ulimi mdomoni kuhakikisha.

Nyuma ya gego la mwisho kulikuwa na kipande. Kidogo, kama punje. Akakichokonoa kwa ulimi mpaka kikatoka, kikaja kukaa katikati. Akainama juu ya sinki ili akiteme.

Hakutema.

Alisubiri kichefuchefu, maana alikifahamu, alikuwa amekaa nacho tangu utotoni. Hakikuja. Alikisubiri kama mtu anayesubiri hatua za mwenzake ngazini. Kile kipande kilikuwa kimeanza kuyeyuka, na chini ya ule uvundo kulikuwa na kitu kingine, ladha tamu, nzito, ya kitu kilichosubiriwa kwa miaka mingi. Mate yakamjaa. Akajiambia tema, Kitinda, tema. Akalifungua bomba zaidi ili wasisikie. Na akameza.

Nje, barabarani, Bi Mwosha alikuwa amesimama ghafla katikati ya watu. Alilishusha furushi kutoka begani, akalitikisa, akalitikisa tena. Sanda ilining'inia mkononi mwake, nyepesi, bapa, kama nguo iliyotoka kufuliwa. Akageuka kutazama dirisha.

"Kitinda!" mama yake aliita kutoka dukani, kwa furaha, kama zamani. "Unatafuna nini huko?"

"Sitafuni kitu, mama," Kitinda alijibu, midomo yake ikiwa imefungwa.